Alama ya Reli Mitandaoni: Taja Mtaa Sawasawa ili Taarifa Ifike

Mvua kubwa inaponyesha usiku katika kijiji cha Soweto West, Kibera, habari huanza kusambaa mitandaoni kabla ya kupambazuka. Mkazi huchukua simu, hupiga picha ya maji yaliyoingia nyumbani, huandika "Tusaidieni, maji yamepanda #Soweto" kisha hutuma. Kwa aliyeandika, ujumbe umekamilika. Anayeusoma akiwa mbali hubaki na swali moja: Soweto ipi?

Nairobi pekee ina Soweto kadhaa. Kibera ina Soweto West na Soweto East. Kayole ina Soweto yake, na Kahawa West pia ina yake. Nje ya nchi kuna Soweto ya Johannesburg, Afrika Kusini, inayojulikana kuliko zote. Alama #Soweto hujaa habari za huko: mechi za Kaizer Chiefs na Orlando Pirates, muziki, na kila Juni 16 kumbukumbu za wanafunzi waliouawa mwaka wa 1976. Ombi la msaada kutoka Kibera likiingizwa humo huwa kama barua iliyotiwa katika sanduku la posta la mtu mwingine. Imetumwa, lakini aliyekusudiwa haioni.

Makala haya yanaeleza jinsi alama hiyo inavyofanya kazi, jinsi ya kuiandika ili taarifa ya mtaa ifike panapostahili, na mambo ambayo haiwezi kufanya hata ikiandikwa vizuri namna gani.

ALAMA YA RELI NI NINI?

Alama # inayotangulia neno huitwa na wengi heshitegi. Wengine huiita alama ya reli, kwa kuwa mistari yake hukatana kama reli na mataruma. Wakazi wa Kibera hawahitaji kuchorewa mfano huo, maana njia ya reli inayoelekea Kisumu inapita katikati ya makazi yao.

Wazo la kuitumia katika mtandao wa Twitter, ambao tangu Julai 2023 unaitwa X, lilitolewa na Chris Messina wa Marekani tarehe 23 Agosti 2007. Alipendekeza alama hiyo itumike kukusanya pamoja ujumbe wa watu wanaozungumzia jambo moja, hata kama hawafahamiani. Miezi miwili baadaye, Oktoba 2007, moto mkubwa ulipoteketeza maeneo ya San Diego, California, watu walitumia #sandiegofire kupashana habari za mahali moto ulipofika na watu waliokuwa wakihamishwa. Mwaka wa 2009 Twitter iliifanya alama hiyo kuwa kiungo cha kubonyeza, na mwaka wa 2013 Facebook ikafuata.

Kazi yake basi ni kama ya lebo kwenye faili la ofisini. Faili lenye lebo sahihi hupatikana upesi. Lililobandikwa lebo isiyo yake hupotea, hata kama yaliyomo ndani ni ya kweli na ya muhimu. Na faili lililobandikwa lebo kumi na tano humchanganya hata karani aliyezoea kazi.

KENYA IMEITUMIA VIPI?

Wakenya wameizoea alama hii na wamewahi kuitumia kwa mambo mazito. Julai 2011, ukame ulipowakumba watu wa kaskazini mwa nchi, kampeni ya Kenyans for Kenya ililenga kuchanga shilingi milioni 500. Ilivuka lengo hilo, na mitandao ya kijamii ilisaidia kueneza wito wa kuchanga. Baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, alama #147NotJustANumber ilikusanya majina na picha za waliouawa, ili wasikumbukwe kama idadi tu. Julai mwaka huohuo, #SomeoneTellCNN iliwakusanya Wakenya waliokerwa na jinsi kituo hicho cha habari kilivyoieleza nchi yao. Mwezi uliofuata afisa wa ngazi ya juu wa CNN alifika Nairobi kuomba radhi.

Kampeni za namna hiyo hufaulu kwa sababu kila anayejiunga huandika jina lilelile, kwa herufi zilezile, kwa kusudi lilelile. Siri ya alama ya reli ni makubaliano. Ikiwa watu kumi wa mtaa mmoja watabuni alama kumi tofauti, kila mmoja atakuwa akizungumza peke yake.

Kibera yenyewe ina historia katika jambo hili. Hadi mwaka wa 2009, ramani za kawaida mtandaoni hazikuonyesha vijiji, vichochoro, visima, zahanati wala shule za Kibera. Mwaka huo vijana wa mtaa walishiriki kuanzisha mradi wa Map Kibera. Walizunguka na vifaa vya GPS, wakaandika majina ya mahali na kuyaweka kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Baadaye ukafuata ukurasa wa Voice of Kibera, uliotumia programu ya Ushahidi. Programu hiyo ilibuniwa nchini mapema mwaka wa 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, ili taarifa za wananchi zionekane kwenye ramani. Vijana hao walifahamu kwamba taarifa isiyo na mahali haimfikishi mtu popote.

KUANDIKA JINA LA MAHALI

Kanuni ya kwanza ni kutaja mtaa mdogo pamoja na mtaa mkubwa. Badala ya #Soweto, mkazi aandike #SowetoWestKibera. Atakayetafuta neno hilo hataletewa habari za Johannesburg, wala za Kayole au Kahawa West.

Kanuni ya pili inahusu alama ya ritifaa, ambayo imo katika majina mengi ya Nairobi. Alama ya reli hukubali herufi, tarakimu na mstari wa chini tu. Nafasi, nukta, kistari au ritifaa huikata. Mkazi akiandika #Lang'ata, mtandao wa X utasoma #Lang peke yake na kuacha sehemu iliyobaki. Akiandika #Sarang'ombe, litabaki #Sarang, neno lisilomaanisha kitu kwa anayetafuta habari za wadi hiyo. Njia salama ni kuandika #Langata na #Sarangombe bila ritifaa. Vivyo hivyo #Soweto West, ikiwa na nafasi katikati, husomwa #Soweto tu, na ujumbe hurudi kulekule Johannesburg.

Kanuni ya tatu inahusu tarakimu. Mkazi wa Kawangware anaposema "46" au "56", jirani yake anajua steji inayozungumziwa. Lakini katika X, alama yenye tarakimu pekee, kama #46, haigeuki kuwa kiungo. Ni lazima iwe na herufi: #Kawangware46.

Kanuni ya nne ni kuanza kila neno kwa herufi kubwa. Mtandao hautofautishi #sowetowestkibera na #SowetoWestKibera, zote huenda mahali pamoja. Hata hivyo, herufi kubwa humrahisishia msomaji. Pia huwasaidia watu wasioona, ambao simu zao huwasomea maandishi kwa sauti, kwa kuwa programu hizo huweza kutenganisha maneno na kuyatamka vizuri.

Kanuni ya tano ni uchache. Mtandao wa X wenyewe hushauri alama zisizozidi mbili katika ujumbe mmoja. Moja itaje mahali, nyingine itaje jambo. Kwa mfano:

"Saa 2:40 usiku, Jumanne. Maji ya mtaro yameingia nyumba zilizo upande wa chini wa shule, njia ya kutokea Olympic haipitiki. Kuna wazee wawili hawawezi kutembea. #SowetoWestKibera #Mafuriko"

Ujumbe huo unasema saa, siku, mahali, tatizo na walio hatarini. Alama mbili za mwisho zinauweka pamoja na mwingine wa aina yake. Hata alama hizo zikiondolewa, maelezo yanabaki na maana. Hicho ndicho kipimo cha ujumbe mzuri: alama ya reli husaidia maelezo, haichukui nafasi yake. Katika vijiji ambavyo nyumba hazina namba wala barabara hazina vibao, kutaja shule, kanisa, msikiti, choo cha umma, kituo cha maji au steji iliyo karibu kunaweza kumwokolea mwokoaji muda wa kuulizauliza.

ALAMA YA RELI SI NAMBA YA DHARURA

Hapa ndipo makosa yenye gharama kubwa hutokea. Mtu anayeona moto anaweza kupiga picha, kuandika alama tatu na kutuma, akiamini kwamba ameshatoa taarifa. Majirani ishirini wanaweza kufanya hivyohivyo, kila mmoja akidhani mwenzake amepiga simu. Katika vijiji vya mabati na mbao, ambako nyumba zimebanana na moto huruka kutoka paa hadi paa, dakika hizo ni nyumba za watu.

Hakuna anayelazimika kuisoma alama ya reli. Mtandao huamua wenyewe nani aonyeshwe nini na lini, na ujumbe wa saa mbili usiku unaweza kuonekana kwa wengi asubuhi. Simu, kwa upande mwingine, hupokelewa na mtu anayeweza kuuliza swali na kupata jibu. Kwa hiyo utaratibu uwe huu: kwanza kuwaondoa watu hatarini, pili kupiga simu, tatu ndipo kuandika mtandaoni.

Namba za dharura nchini ni 999 na 112. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupatikana kwa 1199. Nguzo ya umeme ikianguka au waya ukianguka majini, Kenya Power hupigiwa kwa 97771. Mtoto aliye hatarini huripotiwa kwa 116, na ukatili wa kijinsia kwa 1195. Namba hizi ziandikwe ukutani au mlangoni, kwa kuwa usiku wa dharura simu huweza kuisha chaji na mkazi akalazimika kuazima ya jirani.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi za kuzima moto na kukabiliana na majanga, uzoaji taka, mitaro ya maji ya mvua, taa za barabarani na zahanati. Polisi wako chini ya serikali ya kitaifa. Mkazi anayeelekeza lalamiko la taka kwa ofisi isiyohusika hupoteza siku, hata kama alama yake imevuma nchi nzima.

Inafaa pia kukumbuka kwamba wakazi wengi wa mitaa hii hupashana habari katika makundi ya WhatsApp. Huko alama ya reli haikusanyi ujumbe wa kundi moja pamoja na wa kundi jingine. Ujumbe ulioandikwa ndani ya kundi hubaki ndani ya kundi hadi mtu autoe. Hali ni hiyohiyo kwa akaunti iliyofungwa kwa marafiki pekee: alama haiwezi kuufikisha ujumbe wake kwa umma.

WALIOFANIKIWA WALIPANGA MAPEMA

Nchini Ufilipino, ambako vimbunga hupiga kila mwaka, serikali ilitangaza alama maalumu zitumike na kila mtu: #RescuePH kwa wanaohitaji kuokolewa na #ReliefPH kwa misaada. Kwa kutenganisha mambo hayo mawili, aliye juu ya paa akizungukwa na maji hachanganywi na anayetafuta mahali pa kupeleka blanketi.

Jakarta, mji mkuu wa Indonesia wakati huo, mradi wa PetaJakarta ulianza Desemba 2014. Mtu alipoandika neno "banjir", yaani mafuriko, mfumo ulimjibu na kumwomba athibitishe taarifa yake na mahali alipo, kisha ripoti zilizothibitishwa zikaonyeshwa kwenye ramani ya jiji. Mwaka huohuo ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoratibu misaada ya kibinadamu, OCHA, ilitoa mwongozo wa alama za reli wakati wa majanga. Ulishauri ziwepo chache, zikubaliwe mapema, na kila moja iwe na kazi yake.

Somo kwa vijiji vya Kibera na Kawangware ni kwamba makubaliano hayafanywi maji yakiwa magotini. Yanaweza kufanywa leo, katika mkutano wa Nyumba Kumi, baraza la chifu, kundi la vijana, chama cha kina mama au kamati ya shule. Wakazi wachague alama moja ya kijiji chao, waiandike kwa herufi zilezile, waiweke katika maelezo ya kundi lao la WhatsApp, na waitumie hata siku za kawaida kutangaza kliniki ya chanjo, maji kukatika au mtoto aliyepotea. Ikizoeleka siku za amani, itakumbukwa siku ya taabu.

KUTHIBITISHA KABLA YA KUSAMBAZA

Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua zaidi ya watu 250 nchini na kuwaacha maelfu bila makao, wakiwemo wakazi wa Mathare, Mukuru na Kibera. Katika misimu kama hiyo, picha za mafuriko ya miaka ya nyuma, au hata za nchi nyingine, hubandikwa alama mpya na kuzungushwa tena. Kila picha ya uongo humla mwokoaji muda, na aliyezama kwelikweli huendelea kusubiri.

Kabla ya kusambaza, mkazi ajiulize maswali matatu. Nani aliyepiga picha hii? Ilipigwa lini? Je, kuna mtu ninayemjua mtaani hapo anayeweza kuthibitisha? Ikiwa jibu halipo, kusubiri si kosa. Na hali inapobadilika, aliyeomba msaada arudi aandike kwamba wameokolewa au maji yamepungua, ama aufute ujumbe wa awali. Ombi lililokwisha kutimizwa likiendelea kuzunguka, huweza kuwavuta waokoaji mbali na nyumba nyingine.

Kuvuma pia si ushahidi wa ukweli. Septemba 2021, watafiti waliofanya kazi na shirika la Mozilla walichapisha uchunguzi kuhusu alama za reli za kulipiwa nchini Kenya. Walieleza jinsi vijana walivyolipwa kati ya dola 10 na 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku, ili waandike ujumbe waliopewa na kuufanya uonekane kuwa maoni ya umma. Walichunguza alama 11 na akaunti zaidi ya 3,700. Kwa hiyo alama inayoongoza orodha asubuhi inaweza kuwa sauti ya wananchi wengi, au inaweza kuwa kazi ya watu wachache waliolipwa. Msomaji mwenye busara huangalia yaliyoandikwa, haangalii wingi pekee.

HESHIMA NA USIRI WA MAJIRANI

Alama ya reli hutoa picha kwenye simu ya mtu mmoja na kuiweka mbele ya watu asiowajua. Ndiyo sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inamhusu pia mkazi wa kawaida. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mwezi huohuo kilabu kimoja kilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake.

Picha ya paa lililong'olewa au mtaro ulioziba inatosha kueleza tatizo. Hakuna haja ya kuonyesha uso wa mtoto anayelia, maiti, au mama aliyetoka nyumbani bila kuvaa sawasawa kwa kukimbia moto. Jina la mgonjwa, namba ya simu ya jirani au namba ya kitambulisho havifai kuandikwa hadharani. Mtoto akipotea, taarifa ipelekwe kwanza kituo cha polisi na kwa chifu, na akipatikana, picha yake ifutwe, asiendelee kutafutwa mtandaoni miaka mingi baada ya kurudi kwao.

KWA UFUPI

Watu waondoke hatarini, kisha simu ipigwe, ndipo ujumbe uandikwe. Ujumbe utaje saa, mahali, tatizo na alama ya ardhini iliyo karibu. Alama ya reli iwe moja au mbili, bila nafasi wala ritifaa, ikitaja kijiji na mtaa. Picha ithibitishwe na isimvunjie mtu heshima. Msaada ukifika, ujumbe usahihishwe au ufutwe.

Mkazi wa Soweto West aliyeandika #Soweto hakudanganya. Maji yalikuwa ya kweli na hofu yake ilikuwa ya kweli. Kilichokosekana ni maneno mawili tu, West na Kibera. Maneno hayo yakikubaliwa kijijini kabla ya mvua ijayo, atakayeyaandika usiku atakuwa na uhakika kwamba jirani, mwandishi wa habari au mwokoaji anayetafuta habari za kijiji hicho atayakuta.